Naomba ushauri: kambi ya kutwa ya watoto, bei isiwaumize wazazi

Wakuu, habari za leo. Mimi ni mwalimu wa chekechea, naishi Chanika, Dar es Salaam. Likizo ya Juni nataka kuchukua watoto wa miaka 4 hadi 7, wasizidi 15, wawe wanashinda nje: kuokota mbegu, kufuata njia ya siafu (kwa mbali!), kusikiliza ndege, kufinyanga udongo. Wanakuja saa 2 asubuhi, saa 7 mchana wanarudi kwao. Watoto wetu siku hizi wanajua katuni zote ila mwarobaini hawaujui.

Jirani yangu kanipa shamba lake la mikorosho na miembe bure. Siku moja tu ningependa niwapeleke msitu wa Pugu, na hapo ndipo hesabu inaponishinda: usafiri, kiingilio, muongozaji. Nilifikiria 3,000 kwa siku kwa mtoto, uji na mihogo ndani yake. Mama mmoja wa watoto watatu kaniambia waziwazi hataiweza. Je, mzazi akileta unga au kuni badala ya hela, wengine hawatanung'unika?

Lingine ni usalama. Upupu nitaufyeka, nyoka ndiyo hofu yangu. Tuko wasaidizi wawili na mimi, tunatosha? Na kibali naanzia kwa mwenyekiti wa mtaa au niende moja kwa moja ustawi wa jamii?

Aliyewahi kufanya kitu kama hiki anijuze, hata kama alipata hasara. Choo cha shambani pia sijakijua nikifanyeje.