Boa wa visiwani: Dumeril wa Madagaska au boa wa Solomon?

Ukindu: Wakuu, natafuta nyoka wa kufuga, nimebakiza majina mawili na kichwa kinaniuma. Dumeril (Acrantophis dumerili) wa Madagaska, au boa wa ardhini wa Visiwa vya Solomon (Candoia paulsoni)? Wote hawana sumu, wote nasikia ni wapole. Nimefuga nyoka wa mahindi miaka 3, basi. Ukutani kuna nafasi ya sanduku la kioo la mita 1.5 hivi. Nani kawafuga wote wawili?

Gamba Kavu: Mimi. Na bila kumung'unya maneno: Dumeril. Usiangalie rangi, angalia chakula. Mtoto wa Dumeril huzaliwa na mwili wake, akishajivua gamba la kwanza anameza panya bila mjadala. Mtoto wa Solomon ni uzi wa kiatu. Porini chakula chake ni mijusi na vyura, kwa hiyo ukimwekea panya anamtazama kama jiwe. Wangu aligoma wiki 9. Mwishowe nilichukua kichanga cha panya kilichotoka kwenye friza, nikakiyeyusha, nikakisugua kwa gamba lililovuliwa na mjusi kafiri, nikakiweka karibu na pua yake na kuzima taa. Asubuhi hakipo. Nusura nipige vigelegele.

MamaKobe: Umemtisha bure. Nani kamwambia anunue mtoto? Achukue Solomon mkubwa aliyekwisha kuzoea panya. Jike ni mita 1 na kidogo, dume hata hafiki hapo. Dumeril anaweza kukaribia mita 2, humo atakaa amejikunja maisha yake yote. Halafu wale wa kisiwa cha Isabel, hukohuko Solomon, weupe kama maziwa yaliyomwagikiwa wino! Haya, nyamazeni.

Nungunungu: Kabla ya rangi, karatasi. Boa wa Madagaska wako Kiambatisho cha Kwanza, chenye masharti makali zaidi, cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini; Candoia wako cha Pili. Muuzaji asiyeweza kuthibitisha kwamba nyoka wake kazaliwa kwenye ufugaji, mpe kisogo. Kwa Solomon uliza mara mbili, maana wa porini huja na minyoo na kupe.

Pilipili: Mbona hamjamtaja boa wa Round Island, kule Mauritius? Mwembamba, mzuri.

Nungunungu: Dada, huyo si wa kuweka sebuleni, na boa halisi si yeye. Anataga mayai, wakati hawa tunaowajadili wanazaa. Taya lake la juu limegawanyika vipande viwili vyenye kiungo katikati. Nduguye wa kisiwa hichohicho, Bolyeria, alionekana mara ya mwisho 1975. Mbuzi na sungura walioletwa na watu walikuwa wamekula mimea mpaka udongo ukamomonyoka, na yule alikuwa nyoka wa kuchimba. Achimbe wapi?

Gamba Kavu: Nirudi kwenye mada. Ukindu, kukosa sumu si kukosa meno. Dumeril wangu aliwahi kunishika kiganja kwa sababu mkono ulinuka panya, kosa langu. Ukishikwa usivute. Meno yamepinda kuelekea koo, ukivuta unajichana mwenyewe. Nilikaa kimya, nikammwagia maji baridi kidogo mdomoni, akaachia.

MamaKobe: Na bado unampigia debe, kaka.

Gamba Kavu: Kosa langu, nimesema!

Ukindu: Nimerudi kupima ukuta. Ni mita 1.38, si 1.5. Dumeril kajiondoa mwenyewe. MamaKobe, nitajuaje kwamba Solomon kazoea panya kweli?

MamaKobe: Mwambie muuzaji amlishe mbele yako. Akikwambia "jana kashiba", rudi wiki ijayo. Akikwambia hivyohivyo tena, usirudi.