Natafuta patna wa kubadilishana lugha, mimi Kizungu yeye Kichina, Nairobi

spea_luthuli
Sasa wadau. Niko na kaduka ka spea za simu hapa Luthuli, chaja, skrini, kava na vitu kama hizo, na mzigo wangu mwingi unatoka Guangzhou. Kichina nilisoma mpaka nikapita HSK 2, ule mtihani wa Kichina ngazi ya pili, halafu karo ikanishinda nikaachia hapo. Kusoma najikokota, lakini saplaya akinitumia sauti kwa WeChat naisikiliza weee mpaka mwisho namwomba tu aandike. Sasa nataka mtu wa kupiga naye stori, hakuna wa kumlipa mwenzake. Na hata hiki Kizungu changu ni cha darasani, kuandika niko sawa, kuongea ndio nashikwa na kigugumizi mbele ya watu, kwa hivyo nikipata wa kunizoesha pande zote mbili itakuwa poa sana. Niliweka tangazo kwa grupu fulani ya Facebook, waliokuja ni walimu wa kulipwa na jamaa mmoja anauza viza. Kuna mtu hapa alipata patna na wakadumu? Mlipatana wapi?

kahawa_chungu
Anzia Taasisi ya Confucius, kile kituo cha kufundisha Kichina pale Chuo Kikuu cha Nairobi, ndiyo ilikuwa ya kwanza Afrika, ipo tangu 2005, na Kenyatta pia wanayo yao. Sijasema ulipe darasa. Nenda siku wana shughuli, mfano yale mashindano ya kuongea Kichina ya kila mwaka, Daraja la Kichina, utapata walimu vijana wametumwa kutoka China, hawana marafiki wengi huku na wao pia Kizungu kinawakwama kama wewe. Salimia watu bana, usikae nyuma na simu.

mtaa_wa_kilimani
Mimi niko na patna na tumedumu, ni mhasibu wa kampuni moja ya mjengo, tulijuana kwa duka la Wachina huku Kilimani nikimsaidia kumwelewa askari wa geti. Na hapo ndipo nakushauri tofauti kidogo: usiende na Kizungu, enda na Kiswahili. Kizungu anaweza kukipata kwa mtu yeyote Nairobi na kwa simu pia, lakini fundi, mama mboga, bodaboda na huyo askari wote wanaongea naye Kiswahili na hakuna mtu anakaa chini kumfundisha. Wangu ana kadaftari ameandika kila kitu kwa herufi za kwao, "punguza kidogo", "nitarudi kesho", "hii imeiva kweli?", na siku aliyouziwa ovakado shilingi 20 badala ya ile 50 aliyozoea kukamuliwa alinipigia simu nikiwa kwa matatu kuniambia tu hiyo.

Kitu cha pili ni saa. Tunaweka alamu ya simu, nusu saa Kichina tupu, ikilia tunageuza. Msipofanya hivyo ile lugha rahisi kwenu wote wawili itameza nyingine, mtajikuta mnapiga stori tamu kwa Kizungu kibovu miezi na miezi na toni zako, kule kupanda na kushuka kwa sauti kwa Kichina, ziko palepale. Halafu kubalianeni mada mapema. Jumamosi moja mambo ya bei na oda tu, nyingine landilodi na maji, maana "tuongee chochote" huisha kwa dakika kumi. Na asikukatize kila neno, aandike makosa kando muyaangalie mwisho.

bando_limeisha
Kama huna muda wa kutoka kuna apu za HelloTalk na Tandem, unajaza lugha unayojua na unayotaka inakutafutia watu, na HelloTalk ina kitufe cha mtu kukusahihishia sentensi. Angalia tu saa, China wako mbele yetu saa tano, ukimpigia saa tatu usiku baada ya kufunga duka kwake ni saa nane usiku, amelala. Saa tisa mchana ndio nzuri, kwake ni saa mbili usiku. Na jitayarishe, nusu ya watu huko wanatafuta mchumba, akianza kukuomba picha siku ya kwanza pita. Dada zangu, mkutano wa kwanza uwe mahali pa watu, mchana.

spea_luthuli
@mtaa_wa_kilimani hii ya Kiswahili sikuwa nimeiwaza kabisa. Lakini sasa Kizungu changu kitanyooka lini?

kahawa_chungu
Kizungu tafuta Mkenya mwenzako, klabu za Toastmasters ziko Nairobi hii hii, unasimama unaongea mpaka woga unakutoka. Mchina anayejifunza na wewe unayejifunza mtafundishana makosa.

mtaa_wa_kilimani
Hapo nakataa. Huyu shida yake si sarufi, ni aibu, na aibu inapungua haraka ukiongea na mtu ambaye pia anatafuta maneno. Hata dakika kumi mwishoni zinatosha.

spea_luthuli
Sawa, nitaenda Confucius wiki hii niulize ratiba. Jumapili duka limefungwa kwa hivyo niko huru kutwa. Na huyo mhasibu wako hana rafiki?

mtaa_wa_kilimani
Yuko mmoja, anafanya kazi za bohari, tena huyo anajua mambo ya kontena kuliko mimi. Ila amesema anataka Kiswahili cha makanga, si cha kitabu. Nikutumie inboksi?

spea_luthuli
Tuma. Hicho ndicho najua.