Neno "moto": mwalimu na binti yangu wametofautiana, nani ana haki?

MamaNeema_Goma
Salamu ndugu zangu. Niko Katindo, Goma. Binti yangu anasoma mwaka wa sita wa msingi. Wiki jana aliandika kwenye daftari kwamba Wafaransa walichukua neno letu "moto" wakaliita pikipiki, kwa sababu injini inawaka ndani. Mwalimu akamnyima pointi zote, akamwambia mbele ya wenzake kwamba sisi ndio tuliochukua neno kwa Kifaransa. Alirudi analia, na tangu siku hiyo hanyooshi mkono darasani. Nani ana haki? Na nikienda kwa mwalimu, niseme nini bila kuleta ugomvi?

Mwalimu_Bukavu
Mama Neema, pole kwa mtoto. Wote wawili wamekosea, ingawa kila mmoja ana mahali alipopatia. "Moto" ya Kifaransa ni kifupi cha "motocyclette". Shina lake ni la Kilatini, lenye maana ya kusogeza kitu. Kuwaka hakumo. Letu ni ndugu wa kitenzi "kuota", kama kuota moto au kuota jua. Kwa Kinyarwanda pia wanasema "kwota". Mababu waliota moto karne nyingi kabla pikipiki haijaundwa huko Ulaya. Lakini ukisema "nimepanda moto", hapo mwalimu yuko sawa, hiyo tumeipokea kwa Kifaransa. Ni maneno mawili yaliyokutana kwenye sauti tu.

Motari_Birere
Hili si la darasani peke yake. Volkano ya Nyiragongo, mlima ulio juu ya Goma, ililipuka tarehe 22 Mei 2021, na siku chache baadaye nilikuwa nimekimbilia Sake na familia. Mdogo wangu akapaza sauti, "Moto inakuja!" Alimaanisha pikipiki niliyoiagiza ije kubeba mizigo. Mama mzee mmoja alimpandisha mjukuu mgongoni, akaanza kukimbia. Nilimfuata mbali sana kabla hajaniamini. Tangu siku ile, nyumbani kwangu tunasema pikipiki.

Mwalimu_Bukavu
Motari, umenigusa. Na angalia kitenzi: kwa Kiswahili sanifu, moto wa kuwaka "unakuja", pikipiki "inakuja". Sisi huku tunasema "inakuja" kwa vyote viwili, ndiyo maana yule mama hakuwa na namna ya kutofautisha.

Yaya_Lushi
Mimi niko Lubumbashi ila nilikulia Kinshasa. Kwa Kilingala "moto azoya" ni mtu anakuja. Hapo kuna undugu wa kweli: moto na bato ni mtu na watu wetu. Kichwa nacho ni "moto", ila sauti inapanda mwishoni. Cha kuwaka pia ni "moto", irabu zikiwa wazi zaidi, na hicho ndicho ndugu wa moto wetu. Mfundishe Neema kuuliza wingi wa neno kabla ya kuamua nani ni ndugu wa nani. Kwa Kijapani, kisicho na undugu na Kiswahili wala Kifaransa, "moto" ni asili au shina la kitu. Jina la ukoo Yamamoto maana yake ni chini ya mlima.

Papa_Himbi
Kuhusu mwalimu: nenda saa ya kutoka, watoto wakishaondoka, na daftari mkononi. Anza kwa kumpa haki yake, kwamba pikipiki ni ya Kifaransa. Kisha muulize, "Na kuota moto je, mwalimu?" Mwache ajibu mwenyewe. Pointi usizidai. Omba tu aseme mbele ya darasa kwamba mtoto alifikiri vizuri, maana aibu aliipata mbele ya darasa.

Motari_Birere
Papa, mimi ningedai hata nusu ya pointi. Mtoto alitafuta sababu, hakunakili kwa mwenzake.

MamaNeema_Goma
Aksanti sana. Nimemsomea yote jioni hii. La Kijapani ndilo lililomfurahisha zaidi. Amesema basi sisi wa chini ya Nyiragongo tuko Yamamoto. Jumatatu naenda, na yeye ameomba aje tuulize pamoja ile habari ya kuota.