Semina za mbinu shirikishi kwa wahadhiri wa sayansi: ziendelee au zifutwe?

Mleta mada: Wakuu, tujadili bila jazba. Nafundisha fizikia chuo kikuu, mwaka wa kwanza, darasa la watu 300 na ushee. Nimehudhuria semina tatu za mbinu shirikishi, yaani kumpa mwanafunzi kazi darasani badala ya kumhutubia tu. Posho nimepokea, cheti ninacho, na Jumatatu iliyofuata nimerudi ubaoni nikashusha mhadhara wa saa mbili kama kawaida.

Sisemi mbinu zenyewe ni bure. Mwaka 2014 Scott Freeman na wenzake walijumlisha tafiti 225 za madarasa ya sayansi, hisabati na uhandisi vyuoni. Kwenye mihadhara mitupu walifeli karibu asilimia 34. Wanafunzi walipopewa kazi ya kufanya darasani, asilimia 22. Ninachokataa ni semina. Kule Marekani, Diane Ebert-May na wenzake waliwafuatilia wahadhiri waliopitia mafunzo ya namna hii, wakatoa matokeo mwaka 2011: asilimia 89 walisema wamebadili ufundishaji, lakini video za vipindi vyao zilionyesha asilimia 75 bado wanahutubia. Sidhani walidanganya. Hata mimi fomu ile ningeijaza hivyo hivyo.

Msimamo wangu: hela za semina ziende idarani. Carl Wieman, aliyepata Nobel ya fizikia 2001, alifanya hivyo kwenye vyuo vikuu vya Colorado, Marekani, na British Columbia, Kanada. Idara ziliajiri watu wanaolijua somo lenyewe, wengi wana uzamivu, wakakaa na mhadhiri, wakatunga naye maswali na kuingia naye darasani. Mnasemaje?

Mhadhiri wa kemia: Mkuu, hayo ya Kanada yana bajeti ya Kanada. Huku cheo kinapanda kwa machapisho. Nikeshe natunga maswali ili iweje? Halafu viti vya ukumbi wetu vimekazwa kwa nati sakafuni, vyote vinatazama mbele. Vikundi utavipangaje?

Mleta mada: Viti si hoja. Eric Mazur wa Harvard alianza 1991 ndani ya ukumbi wa mihadhara: swali moja, kila mtu anachagua jibu, anabishana na jirani, anachagua tena. Nilijaribu mara moja, kila mtu anaonyesha namba ya jibu lake kwa vidole, mkono umebanwa kifuani ili jirani asiige. Lori limegongana uso kwa uso na bajaji. Nani kamsukuma mwenzake kwa nguvu zaidi? Zaidi ya nusu wakasema lori, na wote wameikariri kanuni ya tatu ya Newton, kwamba nguvu hizo ni sawa kwa sawa, tangu sekondari! Kelele iliyofuata sijawahi kuisikia kwenye kipindi changu. La machapisho sina jibu.

Mwanafunzi, mwaka wa pili: Mjue tutalalamika. Mwalimu akituulizauliza tunaona hajajiandaa, tumezoea madesa. Ila maswali magumu tunayaelewea kwenye vimbweta, tukibishana. Na fomu ya kuwatathmini wahadhiri tunaijaza sisi.

Mleta mada: Umegusa penyewe. Harvard walilipima hilo, matokeo yakatoka 2019: waliofanya kazi darasani walijifunza zaidi, lakini wao walihisi wamejifunza kidogo kuliko wenzao waliosikiliza mhadhara mzuri. Basi naongeza: mhadhiri anayejaribu, muhula wake wa kwanza fomu hiyo isiingie kwenye faili lake.

Mhadhiri wa kemia: Hapo nakuunga mkono. Anza kumwambia mkuu wa idara yako, kisha urudi hapa utupe majibu.