Mtu kaomba msaada wa simu, nyie mnampa somo la msamiati. Mmetuchosha!

Wakuu, heshima mbele. Hili nimelivumilia sana, lakini wiki hii limenifika shingoni. Mods, tafadhali msiuhamishie uzi huu jukwaa la lugha. Hapa kuna watu wanaumia.

Kwa wasionijua, nina kijiduka cha steshenari na ufundi simu hapa Ngamiani, Tanga. Nachapa barua, natoa kopi, nabadilisha vioo na sistimu chaji. Lugha ya watu kuhusu vyombo vyao naisikia kutwa nzima, na hakuna mteja aliyewahi kunishinda kumwelewa. "Fundi, simu inakula moto." "Fundi, laini imelala." "Kompyuta imeganda." Unaelewa, unauliza maswali mawili, unashika bisibisi, kazi inaendelea.

Sasa njoo kwenye magrupu. Mama mmoja wa Makorora aliandika kwenye grupu letu: "Wanangu, memori ya simu imejaa, WhatsApp inagoma kufunguka. Nifanyeje nisipoteze picha za marehemu?" Marehemu ni mumewe. Nusu ya grupu tulikuwepo mazikoni.

Jibu la kwanza kuingia: "Mama, memori haijai, kinachojaa ni storeji. Memori ni RAM." (RAM ni ya kushikilia kazi za muda huo tu, storeji ndiyo ya kuwekea picha na programu.) Wa pili akamrukia wa kwanza, ati RAM nayo inajaa, nenda kasome. Wa tatu ndiye aliyenimaliza kabisa. Akasema tuache utumwa, neno sahihi ni hifadhidata. Loh! Hifadhidata ni mpangilio wa taarifa, kama ule ambao benki inatunzia majina na salio la wateja, haihusiani kabisa na nafasi ya kuwekea picha kwenye simu. Yaani msahihishaji mwenyewe kachemka, na bado anawacheka wenzake. Wakaparurana hadi usiku, huyu anatupia picha ya ukurasa aliokata mtandaoni, yule anajibu kwa vikatuni vya kucheka. Mama wa watu hakuandika tena. Kulipokucha akaipeleka simu kwa kijana wa barabarani, akaambiwa dawa ni kuflashi, yaani kuifuta simu yote na kuirudisha mwanzo. Ikaflashiwa.

Ilipoletwa kwangu ilikuwa tupu kama imetoka dukani. Simu nyingi za Android za siku hizi hufunga data kwa ufunguo wa siri uliomo ndani ya simu yenyewe. Ukiirudisha simu mwanzo, ufunguo unafutwa, na kilichobaki hakisomeki tena, hata ukimpa fundi bingwa wa Kariakoo. Nikawa namweleza huku yeye ameshika kava, yale ya kufunika kama kitabu, na kwenye kimfuko chake kuna pasipoti saizi ya mzee. Akaniuliza kama hiyo naweza kuiskani. Nikaiskani.

Jibu la swali lake kule kwenye grupu lingekuwa fupi tu: mama, usiruhusu mtu aiflashi. Futa video chache kwenye galari au programu usiyoitumia, nafasi ipatikane na WhatsApp ifunguke. Kisha ingia mipangilio ya WhatsApp, sehemu ya hifadhi na data, utaona mafaili makubwa yamepangwa, futa yale mavideo ya kusambazwa. Picha za mzee njoo nazo dukani tuzihamishe kwa waya. Dakika mbili za kuandika! Watu wote wale walikuwa wanalijua, maana mtu anayejua tofauti ya RAM na storeji hawezi kukosa kujua hilo. Walichagua kutosema.

Na msiniparamie kwamba natetea ujinga. Yapo maneno ambayo ukiyachanganya unaliwa hela, na hayo ndiyo nawaona mnayapita kimya kimya. Chukua pawabenki. Kijana anayekwenda kuvua usiku kutoka Sahare ananunua iliyoandikwa mAh 20,000, yaani kipimo cha chaji inayobebwa. Simu yake ina mAh 5,000. Anagawa kichwani, anapata mara nne. Nani kati yenu amewahi kumwambia kwamba ile 20,000 imehesabiwa kwa volti 3.7 za betri za ndani, wakati waya unatoa volti 5? Hizo mAh 20,000 ni Ah 20; zidisha kwa 3.7 unapata saa-wati 74. Gawa kwa 5 unapata Ah 14.8, yaani tayari umeshuka hadi mAh 14,800, na bado nyingine inapotea kama joto. Atajaza mara tatu hivi, akiwa na bahati. Hapo kuna mtu anarudi dukani kugombana na muuzaji, na muuzaji mwenyewe hajui.

Au kasi ya intaneti. Tangazo limeandika Mb 10 kwa sekunde, kwa b ndogo. Mteja anasoma MB kama za bando lake. Hizo b ndogo nane ndizo zinazofanya B kubwa moja, kwa hiyo anapata MB 1.25 kwa sekunde, na filamu ya GB 1 itamchukua dakika 13 na ushee badala ya zile mbili alizokuwa anaziota. Hapa sahihisha hadi ukauke koo, nitakushangilia.

Hata waifai na intaneti, ambayo ndiyo vita yenu pendwa. Mtu akisema "waifai inakata", fundi anamwuliza: ikikata, ile alama ya waifai juu ya kioo inabaki au inapotea? Ikipotea, tatizo liko kati ya simu na rauta, pengine rauta imefichwa nyuma ya friji. Ikibaki, anza kumshuku aliyekuuzia huduma. Umeona? Tofauti ileile, lakini imemsogeza mtu mbele. Nyie mnaishia "waifai siyo intaneti", mnaweka nukta, mnakaa kusubiri makofi.

Kuna na wale wa "hiyo siyo 4G ya kweli". Naam, ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, walipoweka masharti mwaka 2008 walitaka kasi ya Mbps 100 (megabiti kwa sekunde) ukiwa kwenye mwendo na Gbps 1 (yaani Mbps 1,000) ukiwa umetulia, na LTE ya mwanzo, ule mtandao uliokuwa unauzwa kama 4G, haikufika huko. Lakini Desemba 2010 ITU hao hao wakakubali jina la 4G litumike na kwa LTE. Wenye sheria walishalegeza, wewe wa Chumbageni umekaza kwa niaba ya nani?

Halafu kuna kundi la pili, wasanifu. Hawa shida yao si teknolojia, ni Kiswahili. Ukisema kompyuta, wanakwambia tarakilishi. Ukikubali tarakilishi, anatokea mkongwe anakwambia ngamizi. Ukisema paswedi, nywila. Mtu analia akaunti yake imeibwa na picha za watoto zimo, jibu analopata ni "sema nywila ndugu". Na wanavyopenda kutusema sisi wa Tanga! Ati huko kwa Shaaban Robert mnaharibu lugha. Huyo anayesema hivyo, "x" na "s" kwenye meseji hazitofautishi. Nyie mnaojua, mnajua.

Tanga hii tunaishi na baiskeli. Neno lenyewe baiskeli limetoka kwa Mwingereza, na breki, na pedeli, na tairi. Fundi aliyekaa chini ya mwembe anasema "pedeli imelegea" na kabla ya Alasiri baiskeli yako unayo. Sijawahi kuona mtu anasimama pale kumwambia atafute neno la Kibantu kwanza.

BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa, nawaheshimu, chombo kipo tangu 1967 na kazi yao ni kutupa maneno. Lakini neno halishiki kwa kumtia mtu aibu. Kumbukeni king'amuzi. Matangazo ya tivii ya analojia yalipoanza kuzimwa, mwishoni mwa 2012 Dar es Salaam na mwanzoni mwa 2013 zamu ikafika Tanga, kila nyumba yenye tivii ilitakiwa kununua kile kidude, na matangazo yote yakakiita king'amuzi. Leo bibi yangu ambaye hajui kusoma anasema king'amuzi. Hakuna aliyemcheka ili alijue. Kitu kilikuwepo, jina lilikuwepo, akalichukua. Na akisema dikoda siku nyingine, bado tivii inawaka.

Kinachoniuma zaidi ni yanayofuata mtu akishachekwa. Hauachi uhitaji wake, anauhamishia chemba, kwenye meseji za faragha. Na huko chemba ndiko wanakowangoja wale jamaa wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Tapeli hasahihishi lugha ya mtu. Ukimwandikia "mtandao wa hela umekataa nisaidie" anakuita mama, anakuita mzazi wangu, anakuelewa mara moja, ana subira kuliko sisi sote, halafu anaomba namba ya siri. Nimeshapokea dukani watu waliotapeliwa hivyo, watu wazima wanaoheshimika mitaani kwao. Ukimwuliza mbona hukuuliza kwenye grupu kwanza, anainamisha macho: "Wale vijana wanacheka."

Mnacheka nini? Mzee ambaye barua zake aliandika kwa mkono maisha yake yote, leo tumemlazimisha umeme anunue kwa simu, pensheni aulizie kwa simu, mjukuu aliyeko Mwanza amwone kwa simu, akikosea neno moja mnamgeuza kichekesho. Adabu ya wapi hiyo? Pwani hii mtu mzima akikosea kusema, unajibu alichokusudia, na neno sahihi unalitumia wewe ndani ya jibu lako. Yeye atalisikia, akitaka atalichukua. "Ndiyo mzee, storeji imejaa, fanya hivi." Imeisha hiyo.

Sasa basi, tangu asubuhi kuna mzee wa Pongwe kaandika humu kwamba "dishi halisomi" baada ya mvua ya juzi. Hadi sasa ana majibu matatu, na yote yanamweleza kwamba dishi halina macho. Anamaanisha king'amuzi kinamwandikia hakuna mawimbi. Mzee, kagua ule waya unapoingia kwenye kile kichwa kilichoning'inia mbele ya dishi, LNB. Chomoa king'amuzi kwenye umeme kwanza, kisha fungua ile koki ya waya, kile kiungio cha mwisho wake, uone kama imeingia maji au kutu. Ikiwa imeoza, kata kipande, funga koki mpya, viringisha tepu. Kama waya uko sawa, basi upepo umelisogeza dishi na utahitaji mtu wa kulielekeza upya. Mafundi wa dishi mlioko Pongwe au Kange, mwenye nafasi leo amfikie.