Unga wa muhogo unatulevya, mama mkwe anasema tutazoea. Naombeni ushauri (Newala)

Mama Wawili

Habari za jioni ndugu zangu. Mimi ni mzaliwa wa Sengerema, nimeolewa Newala. Mwaka jana baba mkwe alifariki, mume wangu akaona turudi kushika shamba maana mama alibaki peke yake. Tuna ekari tatu hivi: mikorosho ya zamani, mbaazi, kunde kidogo na muhogo. Kuku kumi na mmoja. Maisha ya hapa nayapenda, sikuja kulalamika.

Kinachonisumbua ni ugali. Muhogo siyo mgeni kwangu, nimekulia ugali wa udaga. Lakini kwetu muhogo unamenywa, unavundikwa siku tatu nne mpaka ulainike na kuota ukungu, unakwanguliwa, unapondwa, ndipo unaanikwa. Hapa unamenywa, unapasuliwa, unaanikwa moja kwa moja. Ukikauka ni makopa, yanakwenda kwenye kinu, jioni tunakula. Unga wake mweupe unapendeza kuliko wa kwetu, ila ukiuonja mkavu unaacha uchungu nyuma ya ulimi, kama umetafuna kokwa ya chungwa.

Mahindi yetu yaliisha mwezi wa nane. Tangu hapo ni muhogo mchana na usiku. Juzi tulikula ugali na mlenda. Haikupita saa moja mtoto wangu mdogo, ana miaka minne, akashika kichwa analia, akatapika mara mbili. Mimi pia nilisikia kizunguzungu, nikakaa chini pale pale jikoni. Mama akasema muhogo umemlevya tu, atazoea, watoto wote wa hapa wamepitia.

Jiko ni la mama. Ananipenda na mimi nampenda, sitaki aone mkwe kutoka Kanda ya Ziwa amekuja kumfundisha kupika chakula alichokula miaka sitini. Lakini mtoto akitapika tena siwezi kukaa kimya. Nifanyeje na unga, na nimwambieje mama?

Mwana wa Mahuta

Pole sana dada, na karibu kusini.

Nikusaidie kwanza kuelewa kwa nini hapa hatuvundiki wala kuloweka. Uko juu ya uwanda wa Makonde. Ardhi yetu ni mchanga mwekundu, mvua ikinyesha inazama yote, mito na visima viko chini mabondeni. Mama yangu alikuwa anashuka bondeni alfajiri, anarudi jua limeshakuwa kali na ndoo moja kichwani. Maji ya namna hiyo huwezi kuyamwagia muhogo siku tatu halafu uyatupe. Ndiyo maana wazee walishika njia ya jua, na muhogo mchungu waliupenda kwa sababu nguruwe pori na panya hawausumbui sana shambani.

Kwa hiyo mama mkwe wako hajakosea kwa uzembe. Anapika kadiri ya maji aliyokuwa nayo maisha yake yote. Anzia hapo utakapoongea naye.

Nesi wa Kusini

Dada, huko "kulevya" ni sumu. Muhogo mchungu una kemikali inayotoa sianidi, na dalili ulizotaja ndizo zenyewe: kichwa, kizunguzungu, kutapika muda mfupi baada ya kula. Mwaka wa ukame huwa kali zaidi, mmea ukikosa maji unaongeza sumu kwenye mizizi. Akitapika tena, au akilegea, akipumua kwa shida, usisubiri asubuhi, mpeleke kituo cha afya na uwaambie wazi kwamba mmekula muhogo mchungu.

Sikuambii hivi kukutisha. Kuna ugonjwa unaitwa konzo. Mtu analala mzima, anaamka miguu yote miwili imekakamaa, hana homa. Haiponi. Anabaki anatembelea vidole vya miguu, wengine kwa magongo. Unawapata zaidi watoto na wanawake wa umri wa kuzaa, na hutokea pale familia inapokula muhogo mchungu ambao haukuandaliwa vizuri, kila siku kwa wiki nyingi, bila mboga ya maana pembeni. Majirani zetu wa Nampula, Msumbiji, uliwapiga mwaka 1981 wakati wa ukame, wao wanauita mantakassa. Tarime uliwapata mwaka 1985. Na hapa mkoani Mtwara nao ulishafika, miaka ya mwanzo ya 2000. Soma tena ulichoandika: muhogo mchana na usiku tangu mwezi wa nane, na mlenda.

Sasa dawa yake, na haihitaji kushuka bondeni. Inaitwa kulowanisha unga, imefundishwa vijijini huku kwetu Mtwara na kule Mbinga.

Chukua unga wa chakula cha siku hiyo, uweke kwenye beseni, usawazishe kwa mkono. Tia alama ndani ya beseni pale unga ulipoishia. Mimina maji kidogo kidogo huku unachanganya. Utaona kwanza unga unashuka chini ya alama, usishangae, endelea. Ukiendelea utapanda tena. Ukifika kwenye alama, acha, maji yametosha. Utandaze kwenye jamvi safi au ungo, unene usizidi sentimita 1, yaani chini ya upana wa kidole chako kidogo. Uache masaa mawili juani, au masaa matano kivulini. Utasikia harufu fulani, ndiyo sumu inaondoka na hewa. Baada ya hapo chemsha maji, songa ugali siku hiyo hiyo. Usiuhifadhi ukiwa mbichi, utaota ukungu.

Kijana wa Masasi

Mimi nashauri muache muhogo, mnunue sembe. Afya ya mtoto kwanza.

Mama Wawili

@Kijana wa Masasi asante kwa kunijali. Hela ya korosho haijaingia bado, mnada wetu haujafika. Tukinunua sembe ya kula watu watano kila siku, hela ya daftari na ya kupalilia inaisha. Muhogo ndio uko shambani.

@Nesi nimesoma mara tatu. Swali: ugali si unapikwa kwa moto mkali? Kwa nini moto usiimalize hiyo sumu?

Nesi wa Kusini

Swali zuri, watu wengi wanadanganyika hapo. Ndani ya unga mkavu kuna ile kemikali, na kuna kimeng'enya chake chenyewe cha kuivunja. Vikikutana kwenye unyevu, kemikali inavunjika, sianidi inaruka kama hewa. Jua la kuanikia makopa linakausha haraka kabla havijakutana vya kutosha. Ukimwaga unga mkavu kwenye maji yanayochemka, moto unakiua kimeng'enya, kemikali inabaki nzima na mnaila. Ndiyo maana ule muda wa kwenye jamvi hauwezi kuufidia kwa kuni.

Udaga wenu ni kitu hicho hicho kwa njia nyingine. Tarime walipougua, njaa iliwafanya wakate zile siku za kuandaa muhogo.

Bibi wa Nyangao

Mjukuu wangu, nesi amesema ya dawa, mimi nisemee sufuria.

Ugali na mlenda peke yake kila siku siyo chakula cha mtoto. Una mbaazi, zimevunwa juzijuzi tu, mbona ziko kwenye gunia? Zichemshe jioni, uzipike na nazi asubuhi. Kunde vilevile. Mtoto mpe yai, usiuze mayai yote.

Na kisamvu. Huko mlikotoka mnaweka karanga, najua. Hapa tuna korosho, ijaribu. Chuma majani machanga ya ncha, yale matatu manne ya juu. Twanga kwenye kinu mpaka yawe kama ugoro mbichi, usiwe mvivu hapo, maana majani nayo yana uchungu wake. Yachemshe kwa maji mengi, sufuria wazi, bila kufunika, mpaka rangi ya kijani kibichi igeuke kuwa kijani cha kukolea na ile harufu ya majani iishe. Mwaga maji. Hapo chukua korosho zilizokwisha kubanguliwa, hata zile vipande vipande, zitwange laini, uzikoroge na maji ya vuguvugu kama tui. Mimina, kitunguu, chumvi, moto mdogo. Koroga kila mara, korosho inashika chini upesi kuliko nazi. Ikianza kutoa mafuta juu, epua.

Korosho yenye ganda usimpe mtoto achezee. Mafuta ya ganda yanababua ngozi, nimeona midomo ya watoto imeungua. Na maganda mabichi ya muhogo mchungu usiwamwagie mbuzi, wanakufa.

Mwana wa Mahuta

Bibi amenikumbusha nyumbani. Niongeze moja tu la shamba: kabla ya Desemba tafuta vipando vya muhogo mtamu, upande kona yako mwenyewe karibu na nyumba, wa kuchemsha na kuchoma kwa ajili ya watoto. Uliza TARI Naliendele, kituo cha utafiti wa kilimo, kuhusu mbegu, wapo hapa Mtwara, siyo korosho tu wanayoshughulikia. Usichukue vipando kwenye shamba ambalo mizizi ikikatwa ina michirizi ya kahawia, utapanda ugonjwa.

Wifi Mkubwa

Kuhusu mama mkwe. Mimi ni Mmakonde, nimeolewa Wamakonde wenzangu, na bado nilipata shida hiyo hiyo na chumvi tu!

Usianze na neno sumu. Ukisema sumu, umemwambia alilisha watoto wake sumu. Mwombe akusimulie. "Mama, enzi zenu makopa mlikuwa mnafanyaje?" Halafu nyamaza, usikilize mpaka mwisho. Na mume asimame nyuma yako, lakini asiwe wa kwanza kusema, asije akaonekana ametumwa na mkewe.

Mama Wawili

Nimerudi, zimepita siku tisa. Nawashukuru wote kwa mioyo yenu, na nina deni la kueleza.

Nilifanya alivyosema Wifi. Tulikuwa tumekaa tunachambua kunde, nikamuuliza mama enzi zao walifanyaje. Alinyamaza kidogo. Akasema alipokuwa msichana, bibi yake alikuwa na desturi ya kunyunyizia unga maji asubuhi, anautandaza kwenye jamvi, wanaenda shamba, wakirudi ndipo wanasonga. Wao wakiwa watoto walidhani bibi anapunguza vumbi. Alipoolewa akaacha, kazi zilikuwa nyingi na maji yalikuwa ya kubebwa. Halafu akasema kitu kimoja nilichokwenda kukilia chumbani: kwamba alikuwa na mtoto wa dada yake aliyepooza miguu mwaka wa njaa, na hakuna aliyewaambia ni kwa nini. Nikamweleza hapo yote aliyoandika nesi, polepole. Hakubisha hata neno moja.

Kesho yake yeye ndiye aliyeleta beseni. Alama tulichora kwa mkaa. Kweli unga ulishuka kwanza, mama akataka kuacha, nikamwambia bado, tukaongeza maji kwa kikombe mpaka ukapanda ukagusa mstari. Tukatandaza kwenye jamvi lake la wageni, nikapima kwa kidole. Harufu ilikuja kweli, kali kidogo, kama ya mbegu za tunda chungu. Masaa mawili baadaye nilionja. Ule uchungu wa nyuma ya ulimi haupo.

Ugali wenyewe siku ya kwanza ulikuwa mlaini mno, maana nilisahau kwamba unga tayari una maji. Sasa napunguza maji ya sufuria, na ninaanza na uji wa dona kiganja kimoja kisha naukazia na wa muhogo. Unashikana vizuri na hauna madonge.

Mtoto hajatapika tena. Nilimpeleka kituo, walimtembeza na kumkagua miguu, yuko salama. Mbaazi tunapika siku moja ndiyo, siku moja kunde. Kisamvu cha korosho kilinishinda mara ya kwanza, kilishika chini kama Bibi alivyoonya. Mara ya pili mume wangu alikula akaomba tena.

Swali moja limebaki. Mvua zikianza Desemba, jua halitakuwa la uhakika na uani kutakuwa na tope. Nitatandaza wapi?

Nesi wa Kusini

Nimefurahi mno dada. Mshike mkono mama kwa niaba yangu.

Mvua ikianza, tumia ungo badala ya jamvi, ungo mbili au tatu ili unene ubaki ule ule chini ya sentimita 1. Weka ndani penye hewa, dirishani au barazani, usifunike na kitu kizito. Hesabu masaa matano kamili. Ukilowanisha saa 5 asubuhi, saa 10 jioni unawasha moto.

Bibi wa Nyangao

Na kuku wafunge wakati huo. Wangu walikula nusu ya ungo nikiwa kisimani.