Mrejesho: kuku wangu waliokuwa wanakula mayai yao

Ndugu zangu, niliuliza kwa nini kuku wangu 6 wanataga mayai yenye ganda laini halafu wanayala. Mliosema ni upungufu wa kalisi (kalsiamu, madini yanayojenga ganda la yai) mlipatia. Kumbe pumba na makombo havitoshi! Nimehamia chakula cha kuku wa mayai, na maganda ya chaza yaliyosagwa nayaweka kwenye chombo cha pembeni, kila mmoja anadonoa anavyotaka. Baada ya wiki mbili hivi maganda ya mayai yakawa magumu. Tabia ya kula mayai ilichelewa kuisha: niliweka viota penye kagiza, nikawa naokota mapema. Mmoja bado mkorofi, namvizia.

Yule kuku aliyeacha kutaga, mliyesema nimchinje? Alikuwa anabadilisha manyoya tu. Juzi kataga. Jogoo nimemgawa, mayai hayajapungua, na majirani sasa wanalala bila kelele za kuwika kwake.